Daktari wa Sikio Aliyechungulia Meno

"Mjomba, yule daktari amekosea!"

Gari halijasimama sawasawa, mpwa wangu ameshuka. Vumbi la barabara ya Nyamongo limemjaa kwenye nyusi. Nyuma yake anakuja mama yake, na begani kwa mama amelala mdogo wake wa kiume, mdomo wazi. Ile pamba aliyoondoka nayo asubuhi sikioni haipo tena.

"Amekosea nini?"

"Tumempelekea mtoto anaumwa sikio. Sikio, mjomba! Linatoa usaha tangu masika yaanze. Daktari kaangalia sikio kidogo tu, halafu akasema, fungua mdomo. Akaangalia meno! Akauliza, usiku anakoroma? Mama akasema hajui, akitoka shamba hulala kama gogo. Sasa mjomba, meno na sikio vinahusiana nini?"

Nilifurahi mpaka nikasimama. Mtoto wa miaka tisa ametoka Kewanja hadi Tarime mjini, amekaa kwenye benchi tangu asubuhi, na bado akili yake haikusinzia. Ameona daktari anatazama mahali asipotarajia. Ameshangaa. Amelishika swali lake mkononi njia nzima, asilidondoshe, mpaka akalifikisha kwangu. Swali la namna hiyo ni mali.

Nikamwambia, "Leta kigoda. Swali zuri hulipwa kwa hadithi."

Nanyi mnaosoma, sogeeni. Uwanja wetu mpana, mtaenea.

Kwanza, kila mmoja ainue kidole. Kiweke mbele ya sikio. Si ndani, mbele, pale shavu linapoanza. Sasa fungua mdomo. Funga. Fungua tena, upana kama unang'ata muwa.

Umesikia kitu kinateleza chini ya kidole? Hicho ni kichwa cha taya lako. Kila unapotafuna ugali, taya linabisha hodi kwenye ukuta wa sikio.

Sasa bana pua. Meza mate. Umesikia sauti ndogo ndani ya masikio, kama kiputo kinapasuka? Angalia maajabu hayo. Kilichomeza ni kinywa, kilichoitika ni sikio!

"Kumbe ni majirani," akasema mpwa wangu.

Ni majirani, mwanangu. Uwanja ni mmoja, majirani ni watatu: Sikio, Pua na Kinywa. Kila mmoja ana mlango wake wa mbele, ambao sote tunauona. Lakini nyuma ya nyumba kuna kichochoro. Wageni hawakioni. Wenyewe wanapitia humo mchana na usiku, wakiazimana hewa kama tunavyoazimana chumvi.

Ngoja kichochoro kijieleze chenyewe.

"Mimi naitwa Mrija," kinasema. "Nimeanzia nyuma ya pua, juu ya koo. Nimepanda kwa ndani mpaka kwenye chumba kidogo cha sikio. Ukuta wa nje wa chumba hicho ni ngozi nyembamba iliyowambwa kama ngoma. Sauti ikiipiga, ngoma inatikisika, na mtu anasikia. Kwa mtu mzima nina urefu wa sentimita 3 na nusu hivi. Kwa mtoto mchanga nina nusu ya hapo. Muda mwingi mlango wangu umefungwa. Ukimeza, nafungua. Ukipiga miayo, nafungua. Hewa mpya inaingia, majimaji ya zamani yanatoka. Halafu nafunga tena. Hakuna aliyewahi kunishukuru, lakini sijali."

"Mlango wake unafunguliwa na nani?" mpwa wangu akauliza.

Umeona? Nilitaka kuliruka hilo, yeye hakuniruhusu. Mlango wa Mrija hauna komeo wala kitasa. Unavutwa na msuli mdogo, na msuli huo umefungwa kwenye kaakaa laini, ile nyama iliyo nyuma ya dari ya kinywa chako. Shika hilo vizuri, tutalirudia. Mlango wa sikio unavutwa kwa kamba iliyofungwa kwenye dari ya kinywa.

Na mlango ukikwama?

Siku moja nilipanda gari Tarime nina chupa ya maji. Nikanywa yote, nikafunga kizibo vizuri, nikaiweka kwenye begi. Gari likateremka, likateremka, mpaka daraja la Kirumi, pale Mto Mara unapokaribia ziwa. Kutoa chupa, imebonyea ubavuni. Hakuna aliyeikalia. Hewa ya bondeni ni nzito kuliko hewa ya milimani, ikaisukuma chupa kutoka nje, na ndani hapakuwa na hewa ya kutosha kujitetea.

Chumba cha sikio hufanyiwa hivyohivyo. Mrija ukiziba, kuta za chumba hunyonya ile hewa iliyobaki ndani, kidogo kidogo. Ngoma inavutwa kuelekea ndani, kama ubavu wa ile chupa. Kuta zinaanza kutoa majimaji. Mtoto anasikia sauti za watu kama wanaongea ng'ambo ya mto. Mwalimu anamwita mara tatu, anamwambia mtukutu, kumbe hasikii! Kisha vijidudu vinatoka puani, vinakuta dimbwi lililotulia, vinazaliana. Hapo ndipo sikio linapouma usiku mtoto akalia mpaka jirani akaamka. Usaha unajaa, unaisukuma ngoma, ngoma inatoboka, na asubuhi mto umelowa.

Kwa nini watoto zaidi kuliko wakubwa? Mrija wa mtu mzima umeinama, kama njia ya kuteremkia mtoni. Kitu kikiingia, kinateremka chenyewe. Mrija wa mtoto ni mfupi na umelala karibu sawa na ardhi, kama mfereji aliochimba mtu mvivu. Maji yanasimama. Mtoto akikua, uso unarefuka, Mrija nao unainama, na masikio mengi yanapona kwa ajili hiyo tu.

Aliyemfanya Mrija ajulikane alikuwa Mtaliano, Bartolomeo Eustachi, daktari aliyefanya kazi Roma katika karne ya 16. Mpaka leo madaktari wanauita mrija huo kwa jina lake. Na bwana huyohuyo, mwaka 1563, alitoa kitabu kizima kuhusu meno! Nilipolijua hilo nilitabasamu peke yangu. Mtu aliyeingia katika kichochoro cha sikio alikuja kutokea kwenye meno. Labda naye alikuwa ameweka kidole chake mbele ya sikio, akafungua mdomo, akashangaa.

Mpwa wangu alikuwa amenyamaza, na mtoto huyu akinyamaza ujue analo.

"Mjomba, basi ndiyo maana sungura ana masikio marefu na meno marefu?"

Hapana, mwanangu, ila umefikiri vizuri sana. Masikio ya sungura ni marefu ili asikie adui mapema na apoze mwili kwenye jua. Meno yake hayaachi kuota maisha yake yote, hivyo anayasaga kwa majani kila siku. Hayo ni mambo mawili mbalimbali ndani ya mnyama mmoja.

Lakini kuna mnyama mwingine, na huyu ni jirani yetu kabisa. Ni mamba wa Mto Mara.

Ndani ya sikio lako, nyuma ya ngoma, kuna mifupa mitatu midogo kuliko yote mwilini. Inaitwa nyundo, fuawe na kikuku. Inapokezana sauti kama watu wanaopokezana matofali. Mwaka 1837 Mjerumani mmoja, Karl Reichert, aliangalia kwa makini jinsi mifupa hiyo inavyoumbika tumboni kabla mnyama hajazaliwa. Akagundua kwamba nyundo na fuawe zinaanzia mahali pamoja na taya. Kwa mamba, mifupa hiyo imebaki tayani, ndiyo bawaba anayofungulia lile domo lake. Kwetu sisi imehamia sikioni.

"Yaani mfupa ambao mamba anang'atia, mimi nasikilizia?"

Ndiyo! Lirudie hilo shuleni kesho. Sikio na taya walikaa tumbo moja, wakalala kitanda kimoja, kabla hata hujapewa jina.

Sasa tuingie kwa Pua, maana mambo mengi yanaanzia kwake.

Nyuma ya pua, pale Mrija anapoanzia, kuna kituo cha ulinzi. Hapo pamekaa nyama laini ambazo watu huziita nyama za puani. Ni kama sungusungu wa kijiji. Kazi yao ni kukamata vijidudu vinavyoingia na hewa. Kila mtoto anazo. Si ugonjwa.

Lakini sungusungu wakiitwa kila usiku, mafua leo, vumbi kesho, moshi wa kuni keshokutwa, wanaongezeka. Wanajazana barabarani. Mwisho wanaifunga njia wanayoilinda. Hewa haipiti puani. Na mlango wa Mrija, ulio palepale pembeni, unakandamizwa.

Daktari mmoja wa Copenhagen, Denmark, aitwaye Wilhelm Meyer, alilieleza jambo hili mwaka 1868. Alipata mgonjwa, msichana asiyesikia vizuri, sauti yake imebanwa kama ya mtu mwenye mafua. Wengine wangeishia sikioni. Meyer aliangalia nyuma ya pua, akazikuta nyama zimejaa. Akaziondoa. Baada ya hapo akaanza kuwatazama watoto wengine, na akawakuta wengi wa namna hiyo, wazito wa kusikia, midomo wazi.

Midomo wazi. Hapo ndipo meno yanapoingia katika hadithi.

Umewahi kumtazama mama anayefinyanga chungu? Mtazame mikono. Mkono mmoja uko nje, unabonyeza ukuta wa chungu uende ndani. Mkono mwingine uko ndani, unausukuma ukuta utoke nje. Mikono miwili inasukumana, na katikati yake chungu kinapata tumbo zuri la mviringo. Mwambie autoe mkono wa ndani huku wa nje ukiendelea kubonyeza. Dakika moja tu. Utaona ukuta unalalia ndani, mdomo wa chungu unabanana, chungu kinakuwa chembamba na kirefu kama chupa.

Kinywa cha mtoto ni udongo mbichi. Mkono wa nje ni mashavu. Mkono wa ndani ni ulimi.

Mtoto anayepumulia pua anafunga midomo, na ulimi wake unapanda na kutulia kwenye kaakaa, juu kule, usiku kucha. Unasukuma nje pole pole, mashavu yanasukuma ndani pole pole, na taya la juu linapanuka kama chungu chema. Mtoto ambaye pua imeziba hana hiari, anafungua mdomo apate hewa. Ulimi unashuka chini ili hewa ipite. Mkono wa ndani umetoka! Mashavu yanaendelea kubonyeza. Mwezi baada ya mwezi, mwaka baada ya mwaka, kaakaa linabanana na kupanda juu kama paa la msonge.

Sasa meno yanakuja. Ya utoto 20, na kuanzia miaka sita hivi yanaanza kuja ya ukubwani, ambayo yakitimia ni 32. Yanakuta benchi fupi. Mnajua benchi la Hiace siku ya mnada? Mmoja anakaa mbele kidogo, mwingine ubavu, mwingine anapanda magotini kwa mwenzake. Meno ya mbele ya juu yanasukumwa nje. Magego ya juu, ambayo yangefunika ya chini kama mfuniko unavyofunika sufuria, yanaangukia kwa ndani. Mtoto anatafuna upande.

Na kuna jambo jingine. Dari ya kinywa ndiyo sakafu ya pua. Ni ubao mmoja. Dari ikibanwa na kupandishwa, chumba cha pua kilicho juu yake kinakuwa chembamba. Pua ikiwa nyembamba inaziba upesi zaidi, mdomo unafunguka zaidi, ulimi unashuka zaidi. Mnaona inavyozunguka? Ng'ombe wa kupura mtama hazunguki hivyo.

"Kwa hiyo meno mabaya ndiyo yanaleta usaha sikioni," mpwa wangu akasema, akasimama kabisa, kama hakimu.

Kaa kwanza. Hapa watu wazima wengi wanateleza, na sitaki wewe uteleze.

Usiku mvua imenyesha. Asubuhi unakuta mbuzi wawili bandani, wote wamelowa. Je, huyu amemlowesha yule? Hapana. Angalia juu. Paa linavuja.

Mara nyingi sikio na meno ni wale mbuzi wawili. Paa linalovuja ni pua iliyoziba. Wote wamelowa usiku mmoja, kwa sababu moja.

Lakini wapo madaktari wanaouliza kama mbuzi mmoja hamguzi mwenziwe hata kidogo. Kumbuka ile kamba, ule msuli uliofungwa kwenye kaakaa. Kaakaa likikaa vibaya, kamba inavuta vibaya. Mwaka 2001 wachunguzi wa Marekani walitoa utafiti uliolinganisha watoto. Waliona kwamba wale ambao meno yao ya juu yaliyafunika mno ya chini walikuwa na shida ya Mrija mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Kuona vitu viwili pamoja si kuthibitisha kwamba kimoja kimezaa kingine. Wengine wamejaribu kulipanua kaakaa la watoto kwa vyuma vya meno, na baadhi ya watoto hao wakasikia vizuri zaidi. Wengine bado wanabisha, wanataka ushahidi mwingi zaidi. Mimi ukiniuliza, nakubaliana nao kwa jambo moja, kwamba mtu asiuze ng'ombe kwenda kunyoosha meno ya mtoto akidhani ndiyo dawa ya usaha. Sikio litibiwe kama sikio.

Mahali ambapo hakuna mabishano ni kwa watoto waliozaliwa na kaakaa lililopasuka. Mmewaona wengine, mdomo wa juu una mwanya, na ndani dari ya kinywa imefunguka. Watu wasio na huruma huwaita mdomo sungura. Sisi hapa uwanjani hatutawaita hivyo. Kwa watoto hao ile kamba haina mahali pazuri pa kushika, maana ubao umepasuka katikati. Mlango wa Mrija hauvutiki. Basi karibu wote hupata majimaji sikioni wakiwa bado wachanga, na meno yao yakiota hayana safu. Hapo kaakaa, sikio na meno vinaonekana waziwazi kuwa watu wa uwanja mmoja. Upasuaji wa kuunganisha upo. Kwa sisi wa Kanda ya Ziwa, hospitali ya rufaa ni Bugando, kule Mwanza kilimani. Mtoto akiwahishwa anafungwa mwanya, anajifunza kunyonya, kumeza na kusema, na masikio yake yanafuatiliwa.

Nikanyamaza kidogo. Jua lilikuwa limeshuka upande wa ziwa. Mama yake mpwa wangu alikuwa anakoroga uji wa ulezi, moshi ukimfuata mtoto aliyelala, nami nikamwomba amsogeze upande usio na moshi. Kuna jambo nilitaka kulisema, na nilikuwa natafuta njia ya kulisema kwa mtoto.

Nilikuwa na ndugu yangu mdogo. Alipokuwa na miezi minane alishikwa na homa kali. Alikuwa analia na kujisugua upande mmoja wa kichwa. Wakubwa wakamfungua kinywa. Ndani, kwenye ufizi, mahali pa chonge, wakaona uvimbe mweupe. Wakasema, haya, meno ya plastiki. Jirani mmoja aliyejua kazi hiyo akaitwa. Akaja na spoku ya baiskeli aliyoinoa.

Sitawaeleza mengi. Mimi nilikuwa na umri wako, mpwa wangu, na nilikimbilia nyuma ya zizi.

"Meno ya plastiki ni nini?"

Hakuna meno ya plastiki, mwanangu. Wengine huyaita meno ya nailoni. Uganda kwa Waacholi wana jina lao pia, na huko ndiko daktari wa Denmark, Jens Pindborg, alikoandika kuhusu desturi hiyo mwaka 1969. Kenya ipo, Sudan ipo, kwetu ipo. Huo uvimbe mweupe ni jino la kweli, chonge ya utoto, imelala ndani ya ufizi ikisubiri zamu yake, ambayo huja kuanzia mwezi wa 16 hivi. Ni kama mbegu ya hindi chini ya udongo. Nani anafukua mbegu akasema ndiyo iliyoleta kiangazi?

Mtoto akiwa na homa na kuharisha, kuna mambo mengi yanayoweza kuwa yamemshika. Malaria. Maji machafu. Kifua. Na sikio! Sikio linalouma kwa ndani, kabla usaha haujatoka, halionyeshi kitu kwa nje. Wanaona mtoto anajisugua shavu na sikio, wanadhani ni ufizi. Na kwa kweli hata mkubwa hukosea, maana jino la gego la chini na sikio vina waya mmoja wa fahamu. Gego likioza, unaweza kuapa kwamba ni sikio.

Siku ya tatu baada ya spoku, usaha ulitoka kwenye sikio la ndugu yangu. Homa ikashuka. Wote wakasema, mnaona, tumeyatoa meno ya plastiki, amepona. Nilikuwa mdogo lakini niliuona ule mto uliolowa, na sikujua namna ya kuuliza.

Homa ilikuwa ya sikio tangu mwanzo.

Ndugu yangu alikua. Lakini mbegu ya jino la ukubwani hukaa karibu sana na ile ya utoto. Ukiifukua hii unaweza kuijeruhi ile. Chonge yake ya juu kulia haikuja kamwe. Jino la jirani likalalia ule mwanya, na lililofuata nalo likainama, safu nzima ikahama kama ua lililong'olewa nguzo moja. Na lile sikio lililopasuka bila dawa likaendelea kutoa usaha kila masika. Leo ukimwita kutoka kushoto hageuki.

Kwake yeye, sikio na meno vilishikamana kwa namna hii. Ugonjwa wa moja ulilipishwa kwa lingine. Bibi yangu aliyemwita jirani yule alimpenda mjukuu wake kuliko macho yake. Alikuwa na hofu, na zahanati ilikuwa mbali, na hakuna aliyekuwa amemwambia.

Mpwa wangu aliinuka, akaenda kumtazama mdogo wake. Akamfungua mdomo taratibu kwa kidole. Akahesabu. "Chonge zake zote nne zipo," akasema.

Zipo. Mama yake aliikataa spoku. Siku ile kulikuwa na maneno mengi hapa uwanjani, lakini alikataa.

"Sasa sikio lake tulifanyeje?"

Daktari ametoa dawa, zitumike mpaka ziishe, hata usaha ukikauka kesho. Na sikio likaushwe. Chukua kitambaa safi cha pamba, laini, kinachonyonya maji. Kiviringishe kama utambi wa koroboi. Kiingize pole pole, kikae kidogo. Kikilowa, kitoe, weka kingine, mpaka kitoke kikavu. Mara tatu kwa siku. Halafu usiache kitu ndani. Ndiyo maana daktari aliiondoa ile pamba, kwa kuwa sikio linalotoa usaha likizibwa ni kama kuweka mfuniko juu ya jaa. Mafuta ya moto hapana. Maji ya majani hapana. Na kuogelea, kwa sasa hapana.

"Hata mtoni kidogo?"

Ngoma yake ina tundu. Maji yatapita humo moja kwa moja. Na Mto Mara una yule jamaa mwenye bawaba.

Akacheka, akafunika mdomo.

Kukausha ni kuzuri lakini peke yake hakutoshi. Kule Kiambu, Kenya, waliwahi kuwafuatilia watoto wa shule za msingi wenye usaha wa muda mrefu, na matokeo yakatoka mwaka 1996. Waliokaushwa sikio na kupewa dawa walipona wengi zaidi kuliko waliokaushwa tu. Ndiyo maana usaha ukizidi siku 14 hatukai nyumbani kubahatisha. Na nyuma ya sikio pakivimba na kuuma, hatungoji hata asubuhi.

Na kaka zenu na dada zenu wachanga, wanyonye. Maziwa ya mama yana walinzi wake, na kunyonya titi ni kazi nzito inayofanyisha mazoezi taya na ulimi. Mwaka 2016 jarida la Lancet lilikusanya tafiti nyingi za dunia, na watoto walionyonya walionekana kuwa na masikio mazima zaidi na meno yaliyopangika zaidi. Titi moja, majirani wawili wamefaidika.

"Basi limebaki lile swali," mpwa wangu akasema. "Daktari aliuliza anakoroma, na mama hakujua."

"Wewe unalala naye mkeka mmoja. Hujui?"

"Mimi nikilala, nimelala."

"Leo usilale upesi. Sikiliza. Angalia mdomo umefungwa au uko wazi. Kesho uniambie."

Asubuhi nilikuwa bado sijafungua zizi. Alinijia miguu peku, macho mekundu, lakini amenyooka kama askari.

"Mjomba, mdomo ulikuwa wazi mpaka jogoo wa kwanza. Na amekoroma."

"Vizuri sana, mwanangu. Hilo ndilo daktari alitaka kujua."

"Sijamaliza. Mara mbili alinyamaza. Kabisa. Kifua kinapanda lakini hewa haiji. Nikahesabu. Ya kwanza nikafika nane. Ya pili nikafika kumi na moja. Halafu akashtuka, akavuta pumzi kama mtu anayetoka majini."

Nikaweka chini kamba ya ndama. Nikamwambia amwite mama yake, achukue kadi ya mtoto na barua aliyopewa na daktari, kwa sababu gari la saa moja lilikuwa halijapita.